Kaya Namba Arobaini na Saba

Nyasho, Musoma
3 Juni 1991

Mdogo wangu Miriamu,

Nimesikia kwa Felisiani wa lori la samaki kwamba nyumbani mko salama na kwamba Bibi bado anagombana na kuku wa jirani. Nimefurahi. Siku Bibi akiacha kugombana ndipo tutakapoanza kuogopa.

Nina kazi ya kukuomba, na tafadhali usicheke. Kozi yangu ya kupanda daraja inataka kila mwalimu aandike makala kuhusu jamii anayoifahamu. Nimechagua kijiji chetu. Kichwa cha makala ni "Mwenendo wa Watu na Kipato katika Kijiji cha Kandokando ya Ziwa, 1988 hadi 1991". Utakumbuka kwamba mwaka 1988 nilikuja huko kuhesabu watu wakati wa sensa, na kwa kuwa nilikuwa napita kila mlango, ofisi ya kijiji ikaniomba niwajazie na daftari lao la kaya. Nakala yake ninayo hapa. Ninachokosa ni hali ya sasa.

Naomba upite kaya hamsini za upande wetu, toka kisimani mpaka mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki. Uliza ni watu wangapi wanalala pale, nani ameondoka na kaenda wapi, nani kahamia, na wanaishi kwa kitu gani leo kuliko miaka mitatu iliyopita. Usihangaike kwenda ofisini kufungua daftari la zamani. Hayo niachie mimi.

Makala itasomwa kwanza na Mzee Danford, aliyekuwa msimamizi wetu wa sensa. Ndiye baba yake Dorotea. Ndiyo, Dorotea yule yule, na tumekusudia Desemba. Wazazi wake wanauliza lini watakuja kuona kwetu, nami nawaambia barabara ya Bugwema ni mbovu.

Felisiani anawaletea vipande vinne vya sabuni na daftari mbili. Mkumbuke tulivyokuwa tukifulia majivu. Siku hizi sabuni imejaa kila duka, fedha ndiyo iliyoadimika.

Msalimie Mama. Msalimie Bibi.

Kaka yako,
Florian


Mwaloni, Bugwema
19 Juni 1991

Kaka Florian,

Sabuni imefika. Bibi amefungia vipande viwili sandukuni, anasema sabuni ikiwa nyingi hivi kuna jambo linakuja.

Kazi yako nimeifanya, na miguu inaniuma. Kaya hamsini ulizoziacha zipo zote, ila sasa kuna kambi ya wavuvi yenye vibanda kumi na kimoja. Wewe ulihesabu watu mia tatu thelathini na wanane. Mimi nimepata mia nne na wawili. Usishangilie. Themanini kati yao ni wanaume wa kambini waliofuata sangara, hawana mke wala mtoto, na sangara wakihama nao watahama. Ukiwatoa hao, sisi wenyewe tumepungua kwa watu kumi na sita. Vijana wamekwenda Mwanza, Bunda na kwenye machimbo. Wengine mama zao hawajui walipo, na wanaona haya kusema hawajui, kwa hiyo wanasema "yuko Bunda". Nimeandika Bunda watu tisa. Sidhani kama wapo watatu.

Kipato ndicho kimenishinda. Mzee Keraryo alisema yeye ni mkulima wa pamba. Nikamuuliza amepata nini msimu uliopita. Akanionyesha marobota yamelala ndani, yanatafunwa na panya, hayajachukuliwa wala kulipwa. Mkewe alikuwa nyuma yake, akaninyooshea vidole kuonyesha anachopata yeye kwa wiki kwa kukaanga samaki. Mzee akageuka, vidole vikashuka. Akaniambia, "Andika mkulima." Nyumba nyingi ziko hivyo, kaka. Baba ndiye mkulima na kinacholiwa kinatoka kwenye beseni la mama, na hakuna anayetaka kuandikwa hivyo. Niandike ya baba au ya mama?

Ng'ombe hakuna aliyekubali kutaja idadi. Bibi alikuwa amekaa hapo akisikia, akasema: "Ng'ombe ya mtu haisontwagi kidole. Mwambie huyo mwalimu aandike, wapo. Na amwandikie huyo mkubwa wake kwamba zamani tulikuwaga na samaki furu za kujaza ungo. Sasa sangara amekula furu, na wenye kununua sangara watatula sisi." Nimeandika kama alivyosema.

Mama hajambo. Nilimpa kalamu akusalimie hata mstari mmoja, akakataa. Unajua sababu. Ile barua aliyokuandikia ukiwa chuoni, alipomaliza kisomo cha watu wazima, wewe ukamrudishia umeisahihisha kwa wino mwekundu, bado ameitunza kwenye kopo la majani ya chai. Hana kinyongo. Anasema tu mwalimu ameshasema.

Kesho naenda ofisini kulifungua daftari la mwaka 1988. Najua ulinikataza nisihangaike, lakini nataka nilinganishe nyumba kwa nyumba ili makala yako imshinde huyo Mzee Danford. Mtendaji ameshakubali.

Miriamu


Nyasho
24 Juni 1991

Miriamu,

Nampa Felisiani barua hii akiwa tayari amewasha gari. Usiende ofisini. Nakusihi, dada yangu. Kama umekwenda, usisome ukurasa wa kwetu, na usimruhusu mtu mwingine ausome. Nitakueleza.

Florian


Mwaloni
27 Juni 1991

Kaka,

Nilikwenda tarehe ishirini. Barua yako imenikuta nimesharudi siku nyingi, na nimekaa wiki nzima bila kujua nianze vipi kukuandikia.

Baba mdogo Makongoro alikuwa ofisini. Unajua anavyokitaka kipande chetu cha ufukweni tangu yule mnunuzi wa sangara aanze kutafuta mahali pa kuweka mzani na barafu. Kwa kuwa marehemu mume wa Bibi, Nyamhanga, alikuwa baba yake mkubwa, anaona kila kilichoachwa na Nyamhanga ni mali yake iliyochelewa. Aliponiona nafungua daftari akasema, "Tusomee na ya kwenu, binti msomi." Nami kwa majivuno yangu sikutazama kwanza. Nilisoma kwa sauti, kama shuleni. Nakuandikia nilichokisoma.

Kaya namba 47. Mkuu wa kaya: Tereza, mjane, miaka 66. Watoto: hakuna. Pelagia, miaka 42, mtumishi. Miriamu, miaka 17, mtoto wa mtumishi. Ekari tano na kipande cha ufukweni.

Makongoro hakucheka. Aliniambia nirudie, nami mjinga nikarudia. Mtendaji akatazama dirishani.

Sasa Makongoro amepeleka shauri barazani. Anasema daftari la kijiji lenyewe limesema Tereza hana mtoto, na nyumba isiyo na mtoto mali yake hurudi kwa ndugu. Bibi akifariki, anasema, mtumishi hupewa shukrani na nauli ya kurudi kwao. Hataki hata kungoja afariki, anataka ufukwe sasa. Baraza ni Jumamosi, Julai 27.

Bibi na Mama nimewaambia Makongoro anadai ufukwe. Sikuwaambia alichokishika mkononi. Aliyeniandika mimi hivyo ni nani, kaka? Mwandiko naufahamu. Ndio ulionifundisha kuandika jina langu.

Miriamu


Nyasho
4 Julai 1991

Miriamu,

Mwandiko ni wangu.

Nimeandika barua hii mara nne na kuichana, kwa hiyo hii ya tano itakwenda hivi ilivyo.

Siku ile ya mwaka 1988 nilikuwa na Mzee Danford, anakagua kazi yangu. Njiani aliniuliza baba yangu ni nani. Nilikuwa nimeanza kuzungumza na Dorotea, nikaona hapa ndipo nitapimwa. Nilisema baba alikufa vita vya Kagera. Lilinitoka jepesi, naye akavua kofia akanipa pole. Baada ya hapo ningewezaje kumfikisha nyumbani? Ningesimamaje pale uani nimweleze kwamba mkuu wa kaya hii ni mwanamke, na mke wake ni mwanamke, na jina la baba ninalotumia ni la mtu aliyekufa miaka sita kabla sijazaliwa? Kwetu mtoto mdogo anayafahamu hayo. Lakini chuoni niliwahi kumsikia mwenzangu akiyasimulia bwenini, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, nami nikacheka nao.

Nilitangulia mbele hatua chache nikamwambia Mama kwa lugha yetu kwamba niko kazini na mkubwa wangu, asiniite mwanangu. Akasema sawa. Bibi alikuwa mwaloni, wewe ulikuwa shambani. Mama akatuletea ugali na sato, nami nikamwambia, "Asante, mama," kama unavyomwambia mama yeyote. Mzee Danford alikula, akasifu samaki.

Daftari lilikuwa na safu ya uhusiano na mkuu wa kaya. Nililijua neno la kuandika, lina herufi tatu tu. Niliandika lile jingine. Yaliyofuata yakajiandika yenyewe, maana mtu akishakuwa mtumishi, mtoto wake ni mtoto wa mtumishi, na mwenye nyumba hana mtoto. Mimi mwenyewe sikujiandika kabisa. Nilisema nitahesabiwa Musoma.

Naona aibu, Miriamu. Naona aibu ya kile nilichokuwa nikikionea aibu. Takwimu zangu zote za kijiji kile ni sahihi isipokuwa nyumba moja, na nyumba hiyo ndiyo niliyokuwa naijua bila kuuliza.

Mama hakuona. Nilikunja daftari alipokuja kuondoa vyombo. Nakuomba usimsomee barua hii. Ichome.

Florian


Mwaloni
12 Julai 1991

Mjukuu wangu Florian,

Mimi Tereza nasema, Miriamu anaandika.

Nimesikia huyo Makongoro anataka ufukwe. Hiyo si ajabu, fisi hajawahi kusema ameshiba. Ajabu ni kwamba anasema sina mtoto. Anasema mbele ya watu! Na wewe uko hapo Musoma umenyoa ndevu unafundisha watoto ya wengine.

Sikiliza nikukumbushe, maana naona chaki imekuingia masikioni. Mume wangu Nyamhanga alikufa hakuniacha na mtoto. Ndugu zake wakaanza kupima shamba kwa macho kabla matanga haijaisha. Nikasema nyumba ya Nyamhanga haitazimika nikiwa hai. Nikakusanya ng'ombe, nikaenda kwetu Butiama, nikamuoa mama yako kwa mkono wangu, ng'ombe kumi na mbili. Hizo nazihesabu, kwa sababu zilishaondoka kwangu. Mzee Keraryo alikuwa kijana, ndiye alizichunga njiani mpaka Mwitongo, huko huko Butiama, kwa baba yake Pelagia. Nyama ya sherehe alikula mpaka akaumwa tumbo.

Aliyekuzaa sikuwahi kumuuliza mama yako, na wewe usimuulize. Mnaniita Bibi kwa ajili ya umri, lakini kwetu mwenye mtoto ni mwenye ng'ombe. Padri alipokuja kukubatiza aliuliza baba ni nani, nikasema Nyamhanga. Akatazama karatasi, akanitazama, akaandika Nyamhanga. Mzungu wa watu alielewaga.

Kwa hiyo Jumamosi hiyo uje usimame barazani. Useme maneno mawili tu: mimi ni mtoto wa nyumba hii. Basi, ukae chini. Mimi miguu imekataa lakini watanibeba. Vaa ile koti ya ualimu.

(Kaka, Bibi amechoka, amelala. Haya ni yangu sasa. Barua yako sikuichoma, niliificha chini ya gunia la pamba. Nimemsomea Bibi karatasi nyingine niliyoitunga mwenyewe, nikamwambia ni yako na umesema utakuja. Mara ya kwanza maishani nimemdanganya. Alitabasamu akauliza, "Kasema hivyo kweli?" Sasa usiniache na uongo huu peke yangu.

Mama anafua lile shuka jeupe la kukutandikia.)

Miriamu, kwa niaba ya Bibi na kwa niaba yangu


Nyasho
24 Julai 1991

Miriamu,

Ndani ya bahasha hii kuna barua iliyofungwa, ya kumpa mwenyekiti wa baraza. Nimeeleza kila kitu. Nimekiri kwamba nilikosea kujaza kaya namba 47, kwamba Mama ni mke halali kwa desturi, na kwamba wewe na mimi ni watoto wa nyumba ya Nyamhanga. Nimeweka sahihi, na mwalimu mkuu amenigongea muhuri wa shule.

Nisingependa kutuma karatasi. Lakini Jumamosi hiyo hiyo ndiyo Mzee Danford amewaita wazee wake kupokea posa yangu. Nilijaribu kuomba siku isogezwe, akauliza kwa nini, na ningejibu nini? Mshenga wangu Apolinary amesema posa ikiahirishwa na mposaji mwenyewe ni matusi. Barua itafanya kazi ile ile. Siku hizi mambo yote yanakwenda kwa maandishi.

Mwambie Bibi nina homa. Mwambie Mama... hapana, usimwambie kitu. Nitakuja mwezi wa nane na kuwaletea vitenge.

Florian


Nyasho
6 Agosti 1991

Miriamu,

Siku kumi sasa na hakuna neno. Felisiani anapita kwangu kila Jumanne, nikimuuliza anasema, "Wapo, hawana shida," halafu anajifanya anakagua tairi. Nini kilitokea barazani? Ufukwe umekwenda? Bibi yu hai?

Posa ilipokelewa. Walitupatia soda, wakauliza ukoo, Apolinary akajibu vizuri. Kisha mama yake Dorotea, bila ubaya wowote, akauliza baba amezikwa wapi, ili siku wakija waweke shada. Nikasema Kagera. Akasema, "Masikini, mama yako hata kaburi hana la kulilia." Dorotea akanishika mkono chini ya meza. Nilitamani auachie.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Asubuhi ile ya Jumamosi nilikwenda stendi. Nilikuwa nimevaa koti. Felisiani alinifungulia mlango wa mbele akasema, "Mwalimu, panda, saa nne tuko kwenu." Nikasimama pale nimeshika mfuko. Akapiga honi mara mbili, akaondoka, nami nikarudi nyumbani kwa miguu kupitia njia ya nyuma ili majirani wasiulize mbona sijasafiri. Kwa hiyo si kweli kwamba posa ndiyo ilinizuia. Posa ilikuwa saa kumi jioni, na ningeweza kurudi na lori la mchana. Niliogopa uso wa Mama tu.

Makala nimeimaliza. Mzee Danford ameisifu, hasa sehemu yako ya baba mkulima na beseni la mama. Amesema nina jicho la kuona yaliyojificha ndani ya kaya. Sijui nikafiche wapi uso wangu.

Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Florian


Mwaloni, Bugwema
11 Agosti 1991

Mwanangu Florian,

Ni mimi mama yako. Miriamu ameniachia kalamu, yeye hataki kukuandikia bado. Mwandiko wangu ni ule ule. Nitaandika polepole.

Bibi mzima. Jumamosi ile tulimbeba kwenye kiti. Watu walijaa, hata wavuvi wa kambini walikuja kutazama. Kila lori likipita barabarani, Bibi alikuwa anasema, "Huyo amefika." Yalipita malori matatu. Halafu mwenyekiti akasoma barua yako yenye muhuri.

Makongoro akasimama akasema, "Daftari kaandika yeye, na barua kaandika yeye. Tuamini karatasi gani ya mwalimu?" Watu wakacheka. Mimi pia nilitaka kucheka, kwa kuwa alisema kweli. Hapo ndipo Bibi alijua ni nani aliandika lile neno. Alichukua kanga yake akajifunika uso, na mimi tangu niolewe sijawahi kumwona Bibi amejifunika uso mbele ya Makongoro.

Mzee Keraryo alisimama akasema yeye aliwachunga wale ng'ombe kumi na wawili mpaka Mwitongo, na akataja rangi ya kila mmoja. Ndipo mwenyekiti akanigeukia akaniuliza, "Wewe ni nani wa nyumba hii?" Hakuna mtu alikuwa ameniuliza kabla. Hata wewe siku ile hukuniuliza. Nikasimama nikasema, mimi ni mke wa nyumba hii. Nikakaa.

Baraza likasema ardhi ni ya nyumba ya Nyamhanga, Makongoro asirudie, na daftari lirekebishwe pale pale. Mtendaji akachukua kalamu. Nikamwambia, naomba nirekebishe mimi. Akasema, "Mama, wewe unajua?" Nikamwambia, mwanangu ni mwalimu.

Nikakata lile neno nikaandika mke. Kwa Miriamu nikaandika mtoto wa nyumba. Mwandiko umepinda lakini unasomeka.

Sasa nikuambie jambo. Miriamu alificha barua yako chini ya gunia la pamba. Gunia hilo ndilo ninalolalia mchana mgongo ukiuma. Niliisoma. Umeandika kwamba Mama hakuona. Mwanangu, niliona. Nilikuja kuondoa vyombo, na lilikuwa bado halijakunjwa vizuri. Nilisoma kama tulivyofundishwa kisomoni, kipande kwa kipande. M-tu-mi-shi. Nikasema nimesoma vibaya, maana wewe ulishasema mimi huwa nakosea. Nikaingia ndani nikachukua maji ya kunawa, nikarudi ili nisome tena. Ndiyo maana nilikunawisha wewe kwanza kabla ya mgeni. Ulinitazama kwa hasira kwa sababu nilikosea desturi. Nilikuwa nasoma.

Miaka mitatu nimekaa nalo. Nilikuwa naona aibu, si kwa ajili ya neno. Kufua na kupika nimefanya maisha yangu yote na si dhambi. Niliona aibu kwamba nimezaa mtoto anayenionea aibu, nikafikiri labda mimi ndiye nilikosea mahali katika kukulea. Nilikuwa natafuta ni wapi. Sijapapata.

Shamba limebaki letu bila wewe, kwa hiyo usije kwa ajili ya shamba. Vitenge pia usilete. Na huyo binti wa watu usimwoe kwa jina la mtu aliyekufa Kagera. Mwambie ukweli. Akikimbia, amekimbia mapema. Akikaa, mlete, nitampikia sato, na nitamwambia mwenyewe jinsi nilivyoolewa, na baba yake akija nitamkumbusha kwamba alishakula kwangu akasifu.

Mwenyekiti aliniuliza nina watoto wangapi wa kuandika. Nikamwambia wawili. Nimeandika Miriamu. Chini yake kuna mstari mmoja. Mtendaji akasema nimalizie, nikamwambia huo uachwe wazi, mwenyewe anajua kuandika. Kalamu ya ofisini imefungwa kwa uzi kwenye meza, haipotei. Ofisi inafunguliwa saa mbili asubuhi.

Barua hii usinirudishie.

Mama yako,
Pelagia, mke wa nyumba ya Nyamhanga